Bibi Shuka Aja Mchana

Mlango wa uani wa nyumba ile ulikuwa na kiburi chake. Bawaba zilikuwa zimelegea tangu enzi na enzi, na mgeni akiusukuma ulikwama palepale mpaka apige kelele aje kuokolewa. Wenye nyumba tu ndio walioijua dawa yake: unauinua kidogo kwa mkono, unaupiga goti pale chini, ndipo unakubali. Kwa hiyo Pasi aliposikia umeinuliwa, ukapigwa goti, ukafunguka vizuri, hakujisumbua hata kugeuka.

"Mjomba, mbona mapema? Shuka zimekauka zote?"

Hakujibiwa. Alikuwa anamalizia kola ya shati la mteja, na kola haiachwi katikati. Alipoisimamisha pasi ndipo akatazama nyuma. Aliyesimama pale alikuwa mama yake Ngazi, yule kijana aliyetaka kumuoa, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu aliyepita katikati ya wezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Mjomba yuko kule nyuma kwenye kamba, anaanua. Karibu uketi."

Mbele kulikuwa na viti viwili vya wateja, vizuri tu, vyenye mito. Mama yule hakuvitazama. Alipita moja kwa moja akaenda kuketi kwenye benchi dogo nyuma ya nguo zilizotundikwa, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kukuona hata akitoa macho. Pasi aliliona hilo, akalimeza kwa muda.

Jina la Pasi alipewa na mtaa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyejua kwa hakika kipi kilitangulia. Alilelewa na mjomba wake, dobi wa siku nyingi, tangu mama yake alipofariki. Mtaa wao wote ulikuwa wa madobi: mbele milango na mabango, nyuma uwanja mmoja mrefu wa kamba, shuka nyeupe zimepangana hadi macho yanauma. Na mtaa huo ulikuwa na Bibi Shuka.

Habari za Bibi Shuka zilijulikana mji mzima. Eti alikuwa bibi harusi, shuka za harusi yake zikaletwa mtaani pale kufuliwa, naye akafa kabla hazijakauka. Tangu hapo jua likizama, kabla taa hazijawashwa, shuka moja hujitoa kwenye kamba na kutembea yenyewe. Walioiona waliapa kwa vichwa vya watoto wao. Ndiyo sababu kila dobi alianua mapema, jua lingali juu, isipokuwa mjomba wake Pasi, ambaye kwa kawaida alipenda kuziacha shuka zake hadi giza liingie, na akiulizwa alisingizia mguu wake mbovu. Kibaya zaidi, watu walisema mwanamume akioa binti wa mtaa ule, Bibi Shuka humchukua kabla mwaka haujaisha. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa mkwe wa muuza mkaa, aliyetoweka miezi michache tu baada ya ndoa. Pasi alijua fika kwamba yule bwana hakuchukuliwa na mzimu wowote. Alichukuliwa na mwanamke mmoja mnene, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa mji, na alikuwa anaendelea vizuri.

Ngazi alikuja mtaani kwa sababu ya habari hizohizo. Alikuwa fundi wa taa za barabarani, na wenzake wote walikataa kugusa nguzo za mtaa wa madobi kuanzia saa za alasiri. Akaja peke yake na ngazi yake begani, akasimama mbele ya dirisha la Pasi.

"Dada, nishikie ngazi tafadhali. Nisije nikaanguka, nikaambiwa nimechumbiwa na mzimu."

"Panda. Ukianguka nitakunyoosha, ndiyo kazi yangu."

Akapanda huku anacheka, na taa ile ikachukua muda mrefu kuliko taa zote alizowahi kutengeneza maishani. Kesho yake ikaharibika tena. Na keshokutwa. Mjomba akasema mtaa huu sasa una mzimu wa umeme.

Ndivyo walivyopendana, kwa mzaha mwingi na kazi kidogo, hadi siku Ngazi alipokwenda kumwambia mama yake. Yule mama, mjane, mwenye mtoto huyo mmoja tu, alisikia jina la mtaa akaweka kikombe chini. Alisema, mtaa wowote mwanangu, ila ule. Akasema akimuoa binti wa pale, radhi yake asiihesabu. Jana Ngazi alikuja na uso umesawijika kama aliyetoka kuugua, na Pasi ndiye aliyemwambia arudi nyumbani akazungumze na mama yake mara ya mwisho. Leo baada ya kazi angekuja na jibu. Pasi hakuwa amelala. Na sasa jibu lilikuwa limemtangulia, limeketi nyuma ya nguo.

"Nimekuja kukuomba wewe, si yeye," mama yule alianza. "Yeye nikimkataza ananitazama tu. Unajua kwamba sasa anapiga mluzi akiwa anaoga?"

"Sijui, mama."

"Anapiga. Tangu baba yake afariki sikuwahi kumsikia. Sasa kila asubuhi, mluzi, mluzi, wala hajui kuupiga." Akatabasamu bila kupenda, kisha akajirudi. "Kwa hiyo sisemi hakupendi. Wala sisemi wewe ni mtu mbaya. Nimeuliza, nimeambiwa unafanya kazi, una adabu, mdomo tu ndio..."

"Mdomo ni wa kweli, mama. Hawakukudanganya."

"Basi. Nakuomba umwache. Wewe ukimwacha ataumia, lakini atapona. Mimi nikimlazimisha hatanisamehe."

Pasi alishika kingo za meza. "Kwa sababu ya Bibi Shuka?"

"Kwa sababu ya Bibi Shuka."

"Mama, mimi nimezaliwa chumba kile pale. Nimekua humu, nimecheza chini ya kamba zile mpaka giza likanikuta. Huyo bibi sijawahi hata kumsikia akipiga chafya. Ukiniambia mimi ni maskini, nitaelewa. Ukiniambia sina mama wala baba, nitaelewa. Lakini siwezi kumwacha mtu ninayempenda hivi kwa ajili ya shuka."

"Binti, usibishane na usiyoyajua."

"Basi niambie." Akaziachia kingo za meza. "Niambie sababu ya kweli, na nitamwacha. Leo hii akija nitamwambia mwenyewe kwamba nimeghairi. Sitamwambia kuwa ulifika. Atanichukia mimi, wewe utabaki mama yake. Ila nataka ukweli, mama. Kwa sababu mlango wetu wa uani haumfungukii mgeni. Hata mwanao, na ufundi wake wote, mpaka leo huwa namfungulia mimi. Wewe umeuinua, ukaupiga goti. Nani alikufundisha?"

Mama yule aliuangalia mlango, akaliangalia goti lake, kama vile goti ndilo lililomsaliti. Kisha polepole akaushusha mtandio mabegani, na Pasi kwa mara ya kwanza akamwona sura nzima. Alikuwa mzuri. Uzee ulikuwa umempitia kwa heshima.

"Nilikuwa na umri kama wako," alisema. "Nyumbani kwetu ni kule ng'ambo ya uwanja, nyumba yenye ngazi za mawe. Baba alikuwa mkali. Dobi hakuwa mtu wa kumwingilia mlangoni akasema nimempenda binti yako. Kwa hiyo nikawa nakuja mimi. Jua likizama, navuta shuka moja kwenye kamba ya mwanzo, najifunika gubigubi, napita katikati ya shuka nyingine. Nani atakuona? Nyeupe ndani ya nyeupe. Yeye alikuwa anaziacha makusudi hadi jioni ili nipate pa kupita. Nafika mlango huu, nauinua, naupiga goti, naketi hapa. Tunaongea. Tulikuwa tunaongea tu, binti, usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu, mama."

"Siku moja bibi mmoja alikuwa anaanua, akaona shuka moja inaondoka. Alipiga ukelele huo! Nikakimbia. Kesho yake mtaa mzima una mzimu. Sisi tulicheka hapahapa mpaka tukafunikana midomo. Ile habari ya bibi harusi aliyekufa hata sijui ni nani aliyeitunga." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Mimi ndiye Bibi Shuka. Kwa hiyo si mzimu ninaouogopa."

"Na mtu uliyekuwa unamfuata..."

"Unamjua. Amekulea."

Pasi aliketi. Mjomba wake! Mjomba, ambaye wanawake wa mtaa walichoka kumtafutia mke. Mjomba, ambaye wenzake wakimlaani Bibi Shuka alikuwa anasema kwa upole, mwacheni, hajamdhuru mtu.

"Sasa kilitokea nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kilitokea kwamba baba alinipatia mchumba. Tukakubaliana na huyo mjomba wako: nije jioni fulani, aongozane nami hadi kwa baba, tusimame mbele yake wote wawili, na liwe liwalo. Nikaja. Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri ndani ya shuka. Nikauinua mlango, nikaupiga goti. Umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nikagonga, makelele ya watu huko mbali sikuyajali. Nikaita. Nikasimama hapo nje mpaka taa zikawashwa, halafu nikarudi nyumbani peke yangu. Nikatuma mtu kuuliza. Akaambiwa kasafiri, hajulikani atarudi lini." Akaukumbatia tena mkoba wake. "Nikaolewa. Nilipata mume mwema, sitaki unihurumie, nilimpenda na nilimlilia. Lakini ule mlango haujanitoka. Nyumba hii ilinifungia mlango nikiwa nimeshatoa moyo wangu wote, na mwanangu ana moyo kama wangu. Siwezi kumleta hapa kwa mkono wangu mwenyewe. Wala siwezi kuketi siku ya harusi nikitazamana na mtu aliyenikimbia, tuitane wakwe. Hiyo ndiyo sababu. Sasa timiza ahadi yako."

Pasi alilichukua lile shati la mteja, kwa kuwa hakujua mikono yake aiweke wapi. Chozi likaangukia kwenye kola. Akalipigia pasi likakauka, likafuatwa na jingine.

"Nitaitimiza, mama," alisema. "Akija nitamwambia."

"Hutamwambia kitu."

Sauti ilitoka mlangoni. Mjomba alikuwa amesimama pale na tenga la shuka mikononi, mguu wake mbovu umetangulia kizingiti, na hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani. Hakumtazama Pasi. Alimtazama mama yake Ngazi, akamtazama mpaka tenga likaanza kuinama upande mmoja.

"Leo umekuja mchana," alisema.

Mama yule aliuvuta mtandio haraka, kisha mkono ukasita njiani, akauacha.

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu."

"Najua. Nimesikia." Mjomba aliweka tenga chini, akaurudishia mlango, akavuta kiti kimoja cha wateja, akaketi mbali naye kwa adabu. "Nilikuwa sijui kwamba ulifika siku ile."

"Hukujua? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Ila nilidhani umesikia ukageukia njiani, maana makelele yalikuwa ya mtaa mzima. Nimeomba Mungu miaka yote hii iwe ulisikia." Akakuna shingo. "Siku ile mchana, wanaume wa mtaa huu walikaa kikao. Wamechoka kutishiwa wake zao. Wakakata fimbo, wakapanga wajifiche kwenye kamba jioni, wamkamate Bibi Shuka. Na mimi wakanipa fimbo yangu, nzuri kabisa. Sikuwa na njia ya kukupata. Kwenu siingii, na wewe uko njiani unakuja na shuka yako."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango kwa komeo, wasije wakaingia humu kutafuta wakakuta kitambaa chako cha kichwa ulichosahau. Nikaruka dirisha la mbele. Nikajifunika shuka. Nikajitokeza mwisho kabisa wa uwanja, kule kwenye mtaro, nikapiga kelele kama mbuzi, maana sikujua mizimu inaliaje."

Pasi alicheka kabla hajajizuia, akajiziba mdomo.

"Wote wakanifuata mimi," mjomba akaendelea. "Uwanja ukabaki mtupu. Ndiyo maana ulipita salama, sasa ndiyo naelewa. Nilikimbia vizuri tu hadi mtaroni. Hapo shuka ikaninasa, nikaanguka, na fimbo mbili tatu zikanipata. Waliposikia mzimu unasema 'mama nakufa' wakatimua mbio wao. Dada yangu akaja kuniokota kwa siri, akanipeleka kwa tabibu mji mwingine. Kila aliyeuliza aliambiwa kasafiri. Angesema nimevunjika mguu usiku uleule, si wangejua? Na wakijua mzimu ni mimi, wangeuliza nilikuwa namfichia nani."

Mama yake Ngazi alikuwa anautazama ule mguu, uliopinda kidogo chini ya goti.

"Kwa nini hukuniambia baadaye?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya mama wa mtu. "Hata neno moja?"

"Nilipoweza kusimama ulikuwa umeshaolewa. Ningekuja kusema nini? Kwamba nimevunjika mguu, kwa hiyo na wewe uvunje nyumba? Niliuliza watu. Wakaniambia mumeo ni mtu mzuri, una mtoto wa kiume. Nikaona basi, mguu umefanya kazi yake."

"Umetembea nao miaka yote hii, nami nakulaani."

"Nilikuwa natembea taratibu," mjomba akasema. "Laana yako haikunichosha."

Mama yule alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, cha mtu aliyebeba mzigo siku nyingi akadhani ni sehemu ya mwili wake. Mjomba hakumsogelea. Alichukua taulo safi kwenye tenga, bado lina joto la jua, akampa Pasi ampelekee. Pasi akampelekea, na alipoinama kumpa, mama yule akaushika mkono wake akaung'ang'ania.

Mlango wa uani ukasukumwa. Ukakwama.

"Pasi!" ilikuwa sauti ya Ngazi huko nje. "Njoo unifungulie hili liadui lako!"

Hakuna aliyeinuka. Akausukuma tena, akautukana kidogo, mwishowe akaupiga bega ukaachia, naye akaingia nusura aanguke, fulana imejaa vumbi la nguzo. Alionekana amejiandaa, maneno yake ameyapanga njia nzima, na hakutazama kulia wala kushoto isipokuwa kwa Pasi.

"Sikiliza, nimeshaamua. Nampenda mama yangu, na nitamwomba radhi mpaka nizeeke. Lakini nakuoa. Hata Bibi Shuka mwenyewe akija akaketi hapa mbele yangu, nitamwambia hivyohivyo!"

"Mwambie basi," mama yake akasema kutoka nyuma ya nguo.

Ngazi aliruka. Akamwona mama yake, macho mekundu, taulo mkononi. Akamwona mjomba anautazama ukuta kwa makini kana kwamba umeandikwa kitu.

"Mama? Wewe, mtaa huu? Nani kakuumiza?"

"Hakuna aliyeniumiza. Keti, usimsimamie mkwe wako kichwani."

Neno lile, mkwe, lilimchukua Ngazi muda kulielewa. Pasi yeye lilimfika mara moja. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, na yeye, mwenye ulimi uliompa jina, hakupata hata kimoja.

"Lakini mama," Ngazi alisema polepole, "si ulisema Bibi Shuka..."

"Nimeongea naye. Ameridhia."

Ngazi akafungua mdomo, akamtazama mjomba, akamtazama Pasi. Wote watatu walimrudishia macho yasiyopepesa, na akajua kuna jambo ambalo hataambiwa, leo wala siku nyingine. Akaamua kutouliza. Aliketi sakafuni palepale miguuni pa mama yake, akalaza kichwa kwenye goti lake kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mama yake akampangusa vumbi nyweleni.

Mkono wake mwingine ulikuwa bado umemshika Pasi. Akamvuta akainama, mpaka sikio la binti likawa karibu na mdomo wake.

"Siku ukimsubiri asitokee," akamnong'oneza, "usirudi nyumbani ukalia. Mtafute. Vunja mlango, uliza mitaani, ingia hata mtaroni, lakini umtafute. Umenisikia?"

"Nitamtafuta, mama," Pasi akasema.